Hodi ya Tatu

Kwa maneno ya Silvana, Azizi hakubisha hodi.

"Nilikuwa naanua nguo," alisimulia bombani, ndoo yake imeshajaa na maji yanamwagika chini, na yeye hana habari. "Niko pale pale kwenye kamba yangu, uwanja wote wa Dominika nauona kama ninavyokuona wewe. Yule bwana kaja na baiskeli yake, kaiegemeza kwenye ua, kasukuma geti. Hajasema hodi, hajasema habari za humu. Kaingia kama kwake. Sasa mbwa afanye nini, amkaribishe chai?"

Wanawake wakacheka. Dominika alikuwa wa nne kwenye foleni, ndoo mkononi. Hakucheka.

Hiyo ilikuwa Alhamisi, siku moja baada ya Azizi kung'atwa na mbwa wa Dominika. Ijumaa hadithi ikaota fimbo: Azizi aliingia na fimbo. Jumapili, watu wakitoka misa ya kwanza, ilikuwa imeota macho: kabla ya kuingia aliangaza kushoto, akaangaza kulia. Kufika Jumatatu alikuwa amechungulia dirishani.

"Mwanamume mzima," Silvana alisema, "nyumba ya binti anayekaa peke yake. Alikuwa anatafuta nini? Mimi sisemi. Nauliza tu."

Silvana hakuwa mtu mbaya. Baba yake Dominika alipofariki, ndiye aliyevuka ua kila asubuhi kwa wiki nzima na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Ila alikuwa na mbwa wawili ambao tangu wazaliwe hawajaujua mnyororo, nao walikuwa wanazurura mtaani wanavyotaka. Alijua kabisa kwamba leo akihukumiwa mwenye mbwa mmoja, kesho ataitwa mwenye wawili.

"Nimekutetea, mdogo wangu," alimwambia Dominika wakiwa wawili tu kwenye ua. "Wewe nyamaza. Mwachie dada yako aseme."

Kunyamaza Dominika alikuweza. Alikuwa na mazoezi ya miaka mitatu.

Nyumba yao ilikuwa ya mwisho kabisa, upande mji wa Sumbawanga unapoishia na barabara ya Kasesya kuanza. Baba yake, Felisiani, alikuwa fundi wa kufuma masweta ya shule, na alipoona binti yake amemaliza darasa la saba na hakuna pa kuendelea, alimvutia kigoda kando ya mashine akamwambia, "Kaa hapa, utazame mkono wangu." Dominika alitazama mkono ule mwaka mzima kabla ya kuruhusiwa kugusa uzi. Baadaye baba akafa. Mama akaenda Mwimbi kumuuguza bibi, akabaki huko huko. Kaka yake Nestory alikuwa Kasesya, mpakani, na malori, akipiga simu Krismasi na Pasaka. Wakabaki Dominika, mashine, na Bobi, mbwa wa marehemu, mwekundu, kifua kipana kama cha beberu.

Kulikuwa na siku neno lake la kwanza lilitoka saa kumi jioni, na neno lenyewe lilikuwa "toka," akimfukuza kuku.

Nyuzi zilitoka dukani kwa Bi Adija, Majengo. Kila Jumatano lililetwa furushi moja, na masweta yaliyokamilika yakachukuliwa. Mletaji alikuwa Azizi, mtu wa zaidi ya miaka hamsini, na baiskeli yake ya mizigo yenye kengele isiyolia. Alishaambiwa mara nyingi anunue pikipiki. Yeye alijibu kwamba pikipiki inampita mtu kabla hajamaliza kuitikia salamu. Alikuwa akileta nyuzi katika nyumba ile tangu Dominika hajaota meno ya ukubwani, na zamani yeye na Felisiani walikuwa wakikaa kwenye benchi la barazani na kubishana juu ya rangi. Azizi akisema sweta la kijani limepauka, Felisiani akisema macho yako ndiyo yamepauka.

Felisiani aliweka sheria mbili kwa ajili ya Jumatano. Ya kwanza: kabla ya kuwasha moto, kabla ya kunawa uso, mbwa anafungwa mnyororo nyuma ya banda. "Mtu aliyekuletea kitu hadi mlangoni," alisema, "ni mgeni wako mpaka atoke getini kwako. Akiumia ndani ya ua wako, umemuumiza wewe."

Ya pili ilikuwa ya hodi. Mtu hubisha mara tatu. "Ya kwanza inamwamsha mwenye nyumba. Ya pili inampa nafasi ajifunge nguo. Ya tatu inamleta mlangoni. Na ya tatu ikipita kimya, mgeni anageuka, anaondoka, bila kinyongo."

Baba alipokufa Dominika alizishika sheria zote mbili, miaka miwili na zaidi. Bobi akifungwa, Azizi aliona mnyororo umekazwa, akaingia, akaweka furushi kwenye benchi, akachukua masweta yaliyokuwa yamekunjwa hapo tayari, akasema kwa sauti ya juu, "Nimechukua kumi na mbili, mama," na kutoka. Alikuwa na nyumba nyingi za kupitia. Dominika akitoka nje mikono ina nyuzi, aliona mgongo na baiskeli.

Halafu wakati wa mavuno, Jumatano moja, alisahau. Alisahau kweli. Azizi akafika, akamkuta Bobi amesimama katikati ya uwanja, manyoya ya shingo yamesimama. Ikabidi asimame nje ya geti na kuita.

"Hodi hapa kwa Felisiani! Binti Felisiani, hodi!"

Dominika aliacha mashine. Ilikuwa imepita miaka hajasikia mtu akilitamka jina la baba yake kwa sauti ya kuita, kama jina la mtu aliyemo ndani. Alikaa pale kwenye kigoda, mkono juu ya mashine isilie. Ikaja ya pili. Ikaja ya tatu. Hapo ndipo alipoitikia karibu, akatoka, akamshika Bobi, akamfunga. Na kwa kuwa Azizi alikuwa amesimama muda, aliomba maji. Na kwa kuwa alikuwa na kikombe mkononi, alikaa kwenye benchi. Akasema sweta la rangi ya damu ya mzee limekaza sana shingoni, baba yako asingelipitisha. Dominika akasema baba yangu angesema shingo yako ndiyo nene. Azizi akacheka hadi maji yakampalia.

Jumatano iliyofuata mnyororo ulibaki kwenye msumari. Na nyingine. Si zote, mbili akimwacha, moja akimfunga, ili ionekane ni kusahau. Azizi alilalamika kidogo: "Huyu Bobi siku hizi hafungwi?" Dominika akasema, "Kazi nyingi, Baba Jasmin, akili inapotea." Alimwita kwa jina la binti yake, kama ilivyokuwa zamani. Naye Azizi, mtu wa watu, alisimama nje ya geti kila ilipobidi na kuita. Dominika alijifunza kukaa kimya kwa mbili za mwanzo. Mbili za kwanza zilikuwa zake za kusikiliza. Ya tatu ilikuwa ya kuitikia.

Hivyo ndivyo ilivyofika Jumatano ile ya Januari, shule ziko mbioni kufunguliwa na duka lote linataka masweta. Asubuhi Dominika aliutazama mnyororo kwenye msumari, akapita. Saa tano mawingu yakashuka kutoka milima ya Mbizi, meusi, na ubaridi wa ghafla ule unaotangulia mvua ya mawe. Akasikia breki za baiskeli. Akazuia mashine kwa kiganja.

"Hodi hapa kwa Felisiani!"

Akatabasamu peke yake.

"Binti Felisiani, hodi! Mvua, mama!"

Jiwe la kwanza likagonga bati. La pili. Kisha yote kwa pamoja, na kelele ikawa moja. Yeye alikuwa bado anasubiri ya tatu. Badala yake akasikia bawaba ya geti, halafu sauti ambayo haikuwa ya mbwa.

Alipotoka, Bobi alikuwa ameng'ang'ania shavu la mguu na Azizi amesimama kwa mguu mmoja, mikono yote miwili juu, furushi la nyuzi kalinyanyua kichwani lisiguswe na mbwa wala na damu. Dominika alimpiga Bobi kwa ufagio, kwa mpini, kwa kelele, hadi akaachia. Mawe yalikuwa yanawapiga wote watatu.

"Pokea nyuzi," Azizi alisema. Ndilo neno lake la kwanza. "Zisilowe. Ni za watu."

Barazani alimletea maji na kipande cha sabuni, na Azizi akaosha mwenyewe, muda mrefu, akisugua kama anayefua. Dominika alitaka kumshikia mguu, hakujua ashike wapi. Mawe yalipopungua Azizi alimtazama.

"Leo ni Jumatano, Dominika?"

"Ndiyo."

"Nilidhani nimekosea siku."

Akaondoka akiikokota baiskeli kwenda kuchomwa sindano, na Silvana, aliyekuwa kwenye kamba yake ya nguo na bati lake likimpigia kelele masikioni, akaona alichokiona, na kisichoonekana akakijaza mwenyewe.

Sasa ilikuwa Jumanne, na mwenyekiti wa mtaa, mzee Benjamini, alikuwa amewaita ofisini. Watu walikaa kwenye mabenchi na wengine wakasimama mlangoni. Azizi alikaa mbele, mguu uliofungwa bendeji ameunyoosha. Kando yake alikuwa Bi Adija mwenyewe, ameacha duka, buibui lake limepata matope ya njia ile ya pembezoni.

"Shikamoo mwenyekiti," Bi Adija alisema. "Sikuja kwa ajili ya mguu, mguu una dawa. Nimekuja kwa maneno yaliyonifikia hadi Majengo. Wanaonifumia ni wanawake, wengi wanakaa wenyewe. Kama ni kweli huyu aliingia kwa binti wa watu bila hodi, akachungulia madirisha, mimi kazi ya kumpa sina. Miaka ishirini na mbili, lakini sina. Na kama si kweli, nataka nisikie hapa hapa, leo."

"Azizi?" mwenyekiti akauliza.

"Nilibisha mara mbili. Mawe yakaanza. Nilikuwa na nyuzi za watu."

"Nani alisikia?"

"Mwenye nyumba yupo."

Silvana alikuwa amekaa ubavuni kwa Dominika. Alimgusa kwa kiwiko, polepole, kama mtu anayejiweka vizuri. "Mwenyekiti," alisema, "huyu mtoto alikuwa kwenye mashine. Mashine zile unazijua, zinakereza kama kinu. Atasikiaje?"

"Mwache aseme, mama Salome," mwenyekiti alimwambia Silvana.

Dominika alisimama. Macho yalikuwa mengi kuliko aliyoyaona mwaka mzima. Kunyamaza kulikuwa hapo, karibu, kama kigoda chake mwenyewe. Angesema tu sikusikia, na kila mmoja angerudi kwake. Bobi asingekuwa na kosa, wala yeye, wala mbwa wa Silvana. Ila Azizi asingekuwa na duka la kurudi, na angebeba jina lile mtaani hadi kaburini. Aliutazama ule mguu. Akaona bendeji imefungwa kwa fundo zuri, la mtu mwenye binti nyumbani.

"Alibisha," akasema.

"Mara ngapi?"

"Mbili. Nilisikia zote."

Minong'ono ikapita. "Mbona hukuitika?" mwenyekiti akauliza.

"Nilikuwa nasubiri ya tatu."

Watu wakacheka, na mlangoni mtu akasema, "Huyu alitaka na mwaliko wa kadi." Mwenyekiti akagonga meza kwa kalamu.

"Na mbwa? Wote tunajua marehemu baba yako alikuwa anamfunga. Ulisahau?"

Neno lilikuwa limeshaandaliwa, aliwekewa mdomoni na mzee mwenyewe. Ndiyo, nilisahau. Nani angebisha?

"Sikusahau," alisema Dominika. "Nilimwacha." Akaona lazima amalizie, vinginevyo watamalizia wao. "Akifungwa, mzigo unaachwa kwenye benchi na mtu anaondoka. Asipofungwa, inabidi aniite."

Safari hii hakucheka mtu. Mwanamke mmoja nyuma alisema "Yesu" kwa sauti ndogo. Silvana alisogea pembeni kidogo, nafasi ya kiganja hivi, na nafasi ile ikabaki kwenye benchi.

Azizi ndiye aliyeuliza, bila kugeuza kichwa. "Jumatano ngapi?"

"Nyingi. Tangu mavuno."

"Na zote ulikuwa unanisikia."

"Ndiyo, Baba Jasmin."

Azizi alichukua kofia yake kutoka gotini, akaikung'uta ingawa haikuwa na vumbi. "Mbwa ni wako, binti," alisema. "Mguu ni wangu. Na sauti niliyokuwa naipaza pale nje kwenye jua na mvua, hiyo nayo ilikuwa yangu." Hakusema binti Felisiani. Alisema binti, kama anavyoitwa mtu yeyote.

Mwenyekiti aliamua yaliyokuwa ya kuamua. Bobi afungwe usiku na mchana kwa siku kumi, bwana mifugo apite kumwangalia kama ana dalili za kichaa, hata kama kadi ya chanjo ipo. Baada ya hapo, kila saa ya mchana awe kwenye mnyororo. Geti liwekwe komeo la ndani. Dominika amsindikize Azizi kwenye sindano zilizobaki. Halafu akawageukia waliobaki: "Na hili si la Dominika peke yake. Wanaotuletea gesi, maziwa, barua, wote wana miguu. Mama Salome, wako wawili nitakuja kuwaona mwenyewe." Silvana alitazama dari.

Bi Adija alinyanyuka, akamwambia Azizi, "Twende, kazi ipo." Mlangoni Azizi alimwambia mwenyekiti kwamba ameshukuru, ila ya kusindikizwa hapana, njia ya hospitali anaijua.

Jumatano iliyofuata alikuja kijana wa bodaboda. Alipiga honi mara moja, akarusha furushi juu ya geti, akasema "Sista, mzigo huo," na Dominika alipofika alikuta moshi tu. Silvana sasa aliteka maji mapema zaidi, au alichelewa zaidi, Dominika hakuweza kujua ni lipi. Bombani watu walimpisha kwenye foleni bila yeye kuomba, na hilo lilimuuma kuliko kama wangemsukuma. Bobi alilala kwenye mnyororo, pua juu ya miguu, akimtazama. Dominika naye alimtazama: anakunywa maji? Anakula? Sauti haijabadilika? Siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Alimwangalia mbwa yule kama alivyouangalia zamani mkono wa baba yake.

Siku ya kumi bwana mifugo alisema mbwa ni mzima, akaandika hivyo kwenye karatasi na kuipiga muhuri. Dominika aliikunja mara nne, akajifunga kitenge, akatembea hadi Majengo.

Nyumba ya Azizi aliijua kwa kusimuliwa: nyuma ya duka la vipuri, mlango wa bluu, ua wa bati. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, kengele isiyolia ikiwa mahali pake. Ndani redio ilikuwa inasoma taarifa. Hapakuwa na mbwa wala geti, mtu angeweza kuingia hadi barazani. Dominika alisimama nje ya ua, mahali ambapo geti lingekuwa kama lingekuwepo.

"Hodi."

Redio ikapunguzwa.

Alisubiri. Mwanamke alipita nyuma yake na beseni la nyanya, akamwangalia, akaendelea.

"Hodi hapa kwa Baba Jasmin."

Kiti kilisogea ndani, kikatulia. Mtu akakohoa, kikohozi cha mwanamume mtu mzima. Hakuna aliyesema karibu.

Dominika alitoa karatasi, akaifungua, akaishika kwa mikono miwili ingawa hakuna aliyekuwa akiiona. "Bwana mifugo ameandika," akasema kuelekea mlango wa bluu. "Bobi ni mzima, hana ugonjwa. Ulale, Baba Jasmin, usiwe na wasiwasi. Ninamfunga. Si Jumatano tu, ninamfunga siku zote, na komeo nimeweka." Sauti yake ilikuwa inakwaruza, haikuwa imezoea maneno mengi kwa mkupuo. "Naomba uje Jumatano. Usiniite, kama hutaki. Weka kwenye benchi, chukua masweta, uende zako. Mimi sitatoka. Naomba tu uje wewe."

Redio ilikuwa bado inanong'ona. Juu ya bati la ua kunguru alitembea hatua tatu nne, akaruka. Kivuli kilipita chini ya mlango, au labda ni pazia.

Dominika aliikunja karatasi, akaipenyeza kwenye nafasi kati ya bati na nguzo, mahali ambapo mtu akitoka ataiona. Alikuwa amebakiwa na hodi moja. Ikipita kimya, itabidi ageuke, bila kinyongo, arudi kwao. Akaishika mdomoni, akasimama.